Imekatikia Ndani

Ilisema tak.
Si sauti kubwa. Kama mtu aliyevunja kijiti cha kibiriti
chumba cha pili.
Lakini Dadi alishusha tochi, akanitazama,
na Bi Somoe, aliyekalia ndoo tupu ya grisi,
akanyamaza katikati ya neno.

Mkononi soketi, ndani ya soketi
kichwa cha plagi na kauri yake,
nyeupe kama jino la mtoto.
Shingo na nyuzi zimebaki tunduni.

"Imetoka?"
"Imetoka nusu," nikasema,
nikajua hapo hapo kwamba fundi hasemi hivyo.

Hii ni Newala, mwezi wa sita.
Ukungu unapanda kutoka Shimo la Mungu,
unaingia gereji bila hodi, unakaa juu ya spana
hata chuma kinatoka jasho.
Mikorosho imetoa maua.
Ubwiri unga hausubiri mtu akope, hausubiri fundi.
Siku kumi na nne toka salfa ya kwanza,
na za Bi Somoe zinakwisha kesho:
ekari tatu kule Mkunya, bomba moja la mgongoni,
nalo ndilo hili, limelala mezani kifua wazi.

Nikaanza kulaumu. Ndiyo dawa ya kwanza ya fundi,
haina bei.
Nikasema aliyeifunga hii alikaza kama anapigilia jeneza.
Nikasema hakupaka hata tone la grisi.
Nikasema vijana wa siku hizi wanachomeka paipu kwenye mpini wa spana,
wananing'inia, wanadhani nguvu ndiyo kazi.
Bi Somoe aliitikia kila nilipomeza mate.
Dadi hakuitikia.

Basi tukaanza upya, kama ilivyopaswa toka mwanzo.
Tone la dizeli kwenye ukingo wa tundu. Ngoja.
Tone jingine. Ngoja mpaka chai ipoe,
mpaka ukungu uvuke mabati.
Kisha maji ya moto juu ya mbavu za silinda,
aluminiamu itanuke kidogo, ilegeze meno.

"Dadi, sugua salfa hiyo, nione ninachofanya."
Akachukua mswaki na petroli.
Unga wa manjano ukatiririka,
na chini yake, kwenye ubavu wa tatu,
doa jekundu.
Rangi ya kucha. Ya mke wangu.
Ile ninayoitia kila kazi nikiimaliza
ili chombo kikirudi niujue mkono wangu.

Hakuna aliyesema kitu.
Msimu wa juzi, jua linazama, wateja watano mlangoni,
paipu kwenye mpini wa spana,
na mimi nikining'inia.

Nikapaka grisi nzito, vumbi la chuma linate,
lisiangukie pistoni.
Mkia wa tupa nikaugonga tunduni, mara tatu, kwa nyundo ndogo.
Spana. Kinyume cha saa. Wapi.
Nikairudisha nyuma kidogo, upande ule ule wa kukaza,
upande wa kosa langu,
ndipo kikaguna. Kikaguna tena, kwa kutu,
kikatoka: pete nyeusi, fupi kuliko kidole gumba.
Bi Somoe akaidai. Akaifunga pindoni.

Plagi mpya niliiingiza kwa vidole viwili
kama mtu anayefunga kichupa cha dawa ya macho.
Ilipokaa, robo mzunguko. Basi.
Mkono ulitaka kuongeza. Nikauvuta.

Kamba ya pili, bomba likawaka,
likapuliza vumbi la mwaka mzima machoni petu.

"Nikupe shilingi ngapi?"
"Ya plagi tu."
"Na kazi?"
Alikuwa anautazama ubavu wa tatu.
"Ya kazi ulinipa mwaka juzi."

Alicheka kidogo, si kwa kunisamehe.
Dadi ameshika kichupa cha rangi, anasubiri.
"Nitie?"
Tia, nikamwambia. Pembeni ya lile.
Usilifunike.